Nimeshonwa ganzi haijashika, nikaambiwa nadeka

Wakuu, leo siku ya tisa tangu nijifungue na hasira hazijapoa, mtanivumilia.

Mtoto katoka salama, namshukuru Mungu. Msamba, pale kati ya uke na njia ya haja kubwa, ukachanika. Kuchanika kupo, simlaumu mtu. Kituo sikitaji, ni huku huku Mbeya.

Msije na hadithi ya "dawa hazipo". Ganzi ilikuwepo! Mume wangu alitumwa saa nane usiku, na baridi hii ya Julai, akazunguka na bodaboda hadi Mwanjelwa kutafuta kichupa cha lignokaini na glavu (uzazi bure, tunaambiwa). Akaleta. Nesi akanichoma, bomba la sindano hajaliweka vizuri chini, mkono mwingine umeshashika uzi. Nikamwambia, "Sista, nasikia." Akanijibu, "Mtoto umemsukuma, kasindano ndiyo kakushinde?" Mwenzake akadakia, "Ulipokuwa unaitafuta mimba ulilia hivi?" Wakacheka. Kila uzi ulivyopita niliusikia, mpaka wa mwisho.

Wifi yangu ni mkunga Tukuyu. Nilipomsimulia alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza, "Alisubiri?" Kumbe ukishachoma unasubiri dakika mbili, halafu unabana ngozi kwa koleo. Mama akisikia, unasubiri mbili nyingine. Bado anasikia? Unamwongezea, ilimradi usivuke kiwango cha dawa kwa uzito wake. Na jeraha likifika kwenye msuli wa njia ya haja kubwa si la kushonea pale leba, mama anapelekwa chumba cha upasuaji, mara nyingi anachomwa ganzi ya mgongo. Langu halikufika huko. Langu lilitaka dakika mbili tu.

Najua wapo watakaosema wauguzi wachache. Kweli, walikuwa wawili na leba imejaa. Lakini dakika mbili hizo si angejaza hata kadi ya mtoto? Muda wa kunicheka aliupata wapi?

Nilitoka pale hata panadol sijapewa. Kukaa nakaa upande, kunyonyesha nalala, haja ndogo naiogopa kama deni.

Kesho kutwa narudi pale pale kliniki. Waliowahi kufuatilia mambo haya, nielekezeni: nimwone mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, uso kwa uso, au niandike barua ya kwenda kwa mganga mkuu wa wilaya? Sanduku la maoni msinitajie, kufuli lake lina kutu. Na wa "pole mama" asanteni, ila leo pole sitaki.