Sitapu 300 kila usiku miezi minne na kitambi hakijahama, nakosea wapi?

Pikipiki_Ntinda
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mi ni mwanaume wa miaka 29, mzaliwa wa Arua lakini sa hivi niko Kampala naendesha boda, steji yetu iko Ntinda. Urefu wangu mita 1.72, kilo 81 nilipima juzi kwenye ile mizani ya mia tano mia tano barabarani. Shida yangu ni tumbo. Tangu mwezi wa sita kila usiku kabla ya kulala napiga sitapu 300, sikosi, hata siku nimerudi saa sita ya usiku nimelowa mvua napiga, mke wangu anadhani nimerukwa na akili. Nikigusa tumbo nasikia kabisa kuna kitu kigumu huko ndani lakini kwa macho ni kitambi tu, nikikaa kwenye pikipiki kinakuja mbele kulala juu ya tenki.

Kaka yangu ni mwanajeshi, ana miaka 38 na tumbo limekauka kama ngozi ya ngoma, kila tukikutana ananiuliza niko mwezi wa ngapi. Mwezi wa kumi na mbili tunaenda wote kijijini na mi nataka nikivua shati kwa mzee wetu kaka aone siksipaki anyamaze. Niongeze sitapu zifike 500 au kuna dawa? Jimu siwezi kulipa, mniambie vitu vya nyumbani.

Msee_wa_Busia
Hahaha mwezi wa ngapi 😂 huyo kaka hana huruma. Kunywa maji moto na ndimu asubuhi kabla ya kitu chochote, wiki mbili tu inayeyusha mafuta yote.

Kocha_Nakawa
Msee wa Busia, ndimu haiyeyushi mafuta ya mtu, ingekuwa hivyo wauza ndimu wa soko la Owino wote wangekuwa wanamitindo. Maji ya ndimu ni mazuri kama yanachukua nafasi ya chai ya sukari, basi.

Pikipiki, usiongeze hata sitapu moja. Huo ugumu unaousikia ndani ndio siksipaki yenyewe, unayo tayari, kila mtu anayo maana ni msuli wa kumsaidia binadamu kuinama na kusimama. Ila umeifunika. Sitapu zinajenga msuli, haziondoi mafuta yaliyo juu yake, na mwili hauchagui kutoa mafuta pale unapofanyia zoezi, unatoa mwili mzima kwa mpangilio wake wenyewe na kwa wanaume wengi tumbo ndo linakuwa la mwisho kabisa. Ndo maana watu wanakata tamaa, uso umekonda, mikono imekonda, tumbo linawaangalia tu.

Kwa hiyo kabla sijasema zoezi lolote andika hapa unakula nini kuanzia asubuhi mpaka usiku. Usidanganye.

Pikipiki_Ntinda
Asante kocha. Asubuhi steji nakula rolex ya mayai mawili chapati mbili na soda. Mchana ni kikomando, ile chapati ya kukatakata na maharage, siku nyingine posho, yaani ugali, na maharage, na soda kwa sababu ya jua. Jioni mama watoto anapika matoke na binyebwa, ule mchuzi wa karanga, au wali, hapo nakula vizuri maana nimechoka. Jumamosi bia mbili tatu. Si nyingi.

Dada_Jinja
Banange soda mbili kila siku na unauliza dawa??

Kocha_Nakawa
Hebu tupige hesabu ya juu juu, haitakuwa sawasawa lakini itakufungua macho. Chapati moja ya steji usiihesabu chini ya kalori 250, zile nono zinafika 300, maana ni unga umekandwa na mafuta halafu ukakaangwa na mafuta. Mbili ni 500 mpaka 600. Mayai mawili kama 140, na mafuta aliyokaangia, kijiko kimoja kikubwa ni 120 na yule kijana hapimi kwa kijiko anamimina tu. Soda ya nusu lita iko kama 200, yote sukari. Umeshafika karibu 1,000 na bado ni saa tatu asubuhi, hujabeba hata abiria wa tano. Kikomando ni chapati tena. Binyebwa ni tamu na ina protini lakini karanga karibu nusu yake ni mafuta, ukimwagia sahani nzima hiyo peke yake ni mlo. Mi nakuona unazunguka 3,000 na zaidi, na mtu wa kilo 81 anayekaa kwenye kiti cha pikipiki siku nzima anatumia kama 2,400 hivi. Sitapu zako 300 zote haziunguzi hata soda moja.

Fanya hivi. Soda zote mbili toa, hapo tu umeshapunguza 400. Rolex badilisha iwe chapati moja mayai matatu, mwambie apunguze mafuta na ajaze nyanya na kabeji. Ukikaa upungufu wa kalori kama 500 kwa siku utashuka karibu nusu kilo kwa wiki, usitake haraka zaidi maana utakonda msuli na njaa itakurudisha kwenye kikomando mbili. Halafu protini, piga uzito wako mara 1.6, yaani kama gramu 130 kwa siku. Yai moja lina gramu 6. Hapa Uganda tuna bahati ya mukene, yaani dagaa, ile kavu karibu nusu ya uzito wake ni protini na bei yake si ya kutisha, watu wanaidharau eti chakula cha kuku. Maharage endelea nayo, posho ipungue isiwe mlima.

Mtanzania_Kabalagala
Mkuu kocha kamaliza kila kitu. Naongezea moja, mimi hizo nyama uzembe za pembeni zilinitesa mpaka nikanunua mkanda wa kubana tumbo kwenye duka fulani hapa mjini na majani ya chai ya kupunguza unene. Mkanda unatoa jasho ukiuvua ukanywa maji uzito unarudi palepale. Ile chai ndo usiniulize, tumbo liliniendesha siku tatu, nikiwa kwenye foleni ya Jinja Road ndani ya taksi na tumbo linaunguruma, sitasahau. Kumbe ni dawa ya kuharisha tu, mafuta hayaguswi, linalotoka ni maji na choo.

Pikipiki_Ntinda
Pole sana mkubwa 😂 ningekuwa karibu ningekubeba bure.

Kocha na mazoezi je? Niache sitapu kabisa?

Kocha_Nakawa
Si kuacha, punguza na uzifanye ziwe ngumu. Msuli wa tumbo ni kama msuli mwingine wowote, ukiuzoesha kitu kimoja mara 300 unajifunza kuvumilia, haukui. Una jerikeni nyumbani? Ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, hiyo ndo jimu yako. Mara tatu kwa wiki, chuchumaa na kusimama ukiwa umeikumbatia kifuani, mara 12 kwa raundi nne. Iinue kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka. Pushapu. Halafu chukua ya lita 10 mkono mmoja tu, mkono mwingine mtupu, tembea nayo mita 50 bila kuinama upande, badilisha mkono. Hapo utaisikia misuli ya ubavuni ikipiga kelele, wamama wanaochota maji wanaijua hii kazi tangu utotoni na hakuna aliyewaita wanariadha. Mwisho ning'inia kwenye tawi au bomba inua magoti mpaka kifuani, mara 10 tu, taratibu bila kubembea, na planki, ile ya kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili umenyooka, sekunde 40. Imetosha. Siku nyingine tembea, Naguru ina mlima hapo jirani yako, acha pikipiki chini upande kwa miguu.

Na ulale. Hiyo ya kurudi saa sita usiku uamke saa kumi na moja inaleta njaa ya ajabu mchana.

Mama_Wawili_Mbarara
Samahani naingilia uzi wa wanaume. Nimezaa watoto wawili, wa mwisho ana miezi minane, uzito wangu umerudi kabisa lakini tumbo limebaki limetokeza katikati kama bado nina mimba, na nikipiga sitapu naona kama linatoa mgongo katikati linachongoka. Hii nayo ni mafuta?

Nesi_Lira
Dada hapana, acha hizo sitapu kwanza. Wakati wa mimba misuli miwili ya mbele inaachana katikati ili mtoto apate nafasi, kwa wengine inarudi yenyewe na kwa wengine inabaki wazi. Lala chali ukunje magoti, inua kichwa kidogo, weka vidole juu ya kitovu, kama pengo linaingiza vidole viwili au zaidi nenda ukaonwe, kwenye hospitali kubwa kuna watu wa fiziotherapia na watakupa mazoezi ya kupumua na kubana tumbo polepole. Sitapu zinaweza kuzidisha huko kuchongoka. Si uvivu wako, wala usimsikilize anayekuambia hukujifunga kitambaa vizuri.

Na wadada wengine mnaosoma, mwili wa mwanamke unahitaji mafuta zaidi ya mwanaume. Kuna wanaojinyima mpaka hedhi inasimama ili wapate mistari tumboni, ukifika hapo rudi nyuma ule.

Mama_Wawili_Mbarara
Vidole vitatu vimeingia. Asante dada nesi, Jumatatu naenda. Huku nilikuwa najilaumu.

Msee_wa_Busia
Sasa kocha, mbona mimi nimekonda zangu tangu zamani na naona mapande manne tu si sita? Nimeibiwa wapi mawili?

Kocha_Nakawa
Hujaibiwa. Ni kano zinazokatiza ule msuli, kila mtu anazaliwa na mpangilio wake, kuna wa manne, kuna wa sita, wachache wana nane na wengine yamepinda pinda. Hakuna zoezi la kuongeza. Mlaumu baba yako.

Pikipiki_Ntinda (baada ya wiki sita)
Wakubwa nimerudi. Nilikuwa 81 sa hivi 77 na nusu, mizani ileile, mia tano yangu ileile. Mkanda umeingia tundu mbili. Wiki ya kwanza bila soda nilitaka kupigana na abiria, kichwa kiliuma, baadaye ikapita. Yule kijana wa rolex alininunia eti namfundisha kazi, sa hivi ameshazoea, akiniona tu anapasua mayai matatu. Siksipaki bado, nisiwadanganye, ila asubuhi kabla ya kula nikisimama dirishani mwanga ukipiga kwa upande naona mistari miwili ya juu. Mke wangu anasema ni kivuli cha nondo za dirisha. Kaka nimempigia simu nimemwambia ajiandae.

Sasa shida ni moja, nsenene, wale panzi wa kuliwa, zimeanza kushuka, mji mzima unanukia. Kocha hiyo iko upande wa protini au upande wa dhambi?

Kocha_Nakawa
Hongera, kilo tatu na nusu kwa wiki sita ndo mwendo wenyewe. Nsenene zina protini kweli kweli lakini mafuta pia ni mengi, ndo maana zinakaangika zenyewe bila hata kuongeza. Kula kikombe kimoja, si kaveera (mfuko wa plastiki) kizima.

Pikipiki_Ntinda
Kikombe cha chai au kile cha uji?