Maneno ya mtu yakikatwa kwenye makala, mtazamaji aonyeshwe palipokatwa?

Wakuu, naomba tujadili hili. Msimamo wangu: filamu ya kubuni ihaririwe itakavyo, ila kwenye habari na makala, maneno ya mtu yakikatwa na kuunganishwa, mtazamaji apaone palipokatwa.

Novemba 2025 Tim Davie, Mkurugenzi Mkuu wa BBC, alijiuzulu siku moja na mkuu wa habari, Deborah Turness. Kipindi cha Panorama kilikuwa kimeunganisha sehemu mbili za hotuba ya Donald Trump ya Januari 6, 2021, zilizoachana kwa karibu saa nzima. Kwa mtazamaji zikawa kauli moja: tunakwenda kwenye jengo la Bunge, nitakuwa nanyi, na tunapigana. Wito wa kuandamana kwa amani, uliokuwa katikati, haukusikika. Anayetaka kumlaumu Trump kwa vurugu za siku ile, wafuasi wake walipovamia Bunge la Marekani, anayo hotuba nzima ya kumlaumia. Kwa nini amshonee nyingine?

Shirika hilohilo liliwahi kuingia matatani 2007. Kionjo cha makala kuhusu Malkia Elizabeth kilimwonyesha kama anayeondoka kwa hasira alipokuwa akipigwa picha na Annie Leibovitz. Kumbe video ile ilichukuliwa akiwa anaingia! Hakuna neno lililobuniwa, ni mpangilio tu uliogeuzwa, na mkuu wa BBC One, Peter Fincham, akaachia ngazi.

Ndiyo maana wanaosema "mtazamaji aelimishwe tu" hawanishawishi. Aelimishwe aone nini? Hotuba ikikatwa, mhariri hufunika kiungo kwa picha ya hadhira inayopiga makofi, au ya mwandishi anayeitikia kwa kichwa, na huko kuitikia mara nyingine hurekodiwa mahojiano yameshakwisha na mgeni ameondoka. Sauti inapita juu yake bila kukwama. Mkato uliofunikwa vizuri hata mhariri mzoefu unampita.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba mahojiano ya saa moja lazima yawe dakika mbili, na hakuna filamu isiyo na mikato. Nakubali. Siombi kila mkato utangazwe, naomba ule ulio ndani ya maneno ya mtu mmoja. Mwanga mweupe wa kufumba na kufumbua pale palipokatwa unatosha, na wapo watangazaji wanaoutumia tayari. Kwetu, ambako mahubiri na hotuba za kampeni hutufikia kwenye WhatsApp zikiwa vipande vya nusu dakika, chombo cha habari kinachoonyesha mikato yake kingekuwa na kitu cha kujitofautisha na mtu yeyote mwenye simu.

Wahariri mliomo humu, nijibuni: picha ile ya hadhira ina kazi gani halali ambayo mwanga mweupe ungeiharibu?