Wiki ya jazi mubashara Arusha: seti moja ya vifaa itatosha kumbi nne?

Mratibu_Kijenge
Wakuu salaam. Tunaandaa wiki ya jazi Arusha, Jumatatu hadi Jumapili, kumbi nne: mgahawa wa bustani Njiro, hoteli ya mjini, baa moja Sakina na ukumbi wa shule. Bendi ya msingi ni watu wanne: drams, besi ya kusimama, kinanda na saksofoni. Mwimbaji na mpiga tarumbeta wataingia siku za mwisho. Tunategemea watu 80 hadi 150 kila usiku. Tuna spika mbili za inchi 12 zenye amplifaya ndani, miksa ya chaneli 12 na monita mbili (spika za wanamuziki kujisikia jukwaani). Tukodi mzigo mkubwa zaidi? Tarehe tunafikiria mwisho wa Aprili, ili tuangukie Siku ya Kimataifa ya Jazi, tarehe 30.

FundiSauti_Themi
Vinatosha mkuu, na nakuomba sana usikodi vikubwa zaidi. Jazi huharibikia kwenye wingi wa sauti. Fundi anaweka maiki kila ngoma, drams zinapanda, saksofoni hajisikii, anaomba monita iongezwe, na monita ikiongezwa maiki zinaanza kulia. Chumba cha watu 100 hakihitaji maiki ya drams hata moja.

Saundi cheki ianze spika zikiwa zimezimwa. Bendi ipige, mpiga drams ashushe mkono mpaka besi isikike hatua tano mbele ya jukwaa. Hapo ndipo muwashe: besi na kinanda zipitie DI (kisanduku cha kuunganisha chombo na miksa), mwimbaji maiki yake, saksofoni maiki moja. Hiyo ya saksofoni isichungulie ndani ya mdomo wa chombo, maana sauti nyingi hutokea kwenye matundu ya funguo. Ikae sentimita 30 hivi, ikitazama juu kidogo ya mdomo. Kwa mwimbaji, tarumbeta na saksofoni, kata sauti zote nzito zilizo chini ya hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde). Besi ikianza kunguruma kwenye noti moja tu, ujue mwili wake unaitikia spika. Geuza kwanza swichi ya fezi, inayopindua mwelekeo wa mawimbi ya sauti. Isipopona, tafuta noti hiyo kwenye EQ (vitufe vya kurekebisha toni) uipunguze peke yake, usishushe besi yote.

Umeme wa jukwaa utoke sehemu moja, kwa ekstensheni nzito yenye waya wa milimita za mraba 2.5. Amplifaya ya besi ikichomekwa ukuta huu na miksa ukuta ule, mtapata ule mvumo wa "mmmm" usiku kucha. Dawa ni kitufe cha kutenganisha ethi (waya wa ardhi) kwenye DI. Wapo wanaokata pini ya ethi kwenye plagi: mvumo unaondoka kweli, lakini siku amplifaya ikiwa na hitilafu, aliyeshika gitaa huku mdomo uko kwenye maiki anaweza kufa. Msiruhusu kabisa. Jenereta ya kVA 5 inabeba mzigo wenu bila shida, mradi friji za baa zisiwe humo. Kompresa ya friji ikiwaka, volti hushuka ghafla na miksa ya dijitali inaweza kuzimika katikati ya wimbo.

Bomba_la_Meru
Nyongeza kuhusu ile bustani. Usiku wa Arusha una baridi, hasa Juni hadi Agosti, na baridi haipeleki tuni ya vyombo vyote upande mmoja. Hewa ndani ya saksofoni na tarumbeta ikipoa, sauti hushuka karibu senti 3 kwa kila nyuzi moja ya joto (senti 100 ni nusu-sauti, yaani hatua ya kitufe kimoja hadi kinachofuata kwenye kinanda). Nyuzi za chuma za besi zikipoa hukaza na kupanda. Kinanda cha umeme hakiendi popote. Ndiyo maana bendi iliyotuniwa saa 10 jioni inasikika imeachana saa 2 usiku.

Wapulizaji wapulize dakika kumi kwanza, ndipo watuni kwa kufuata kinanda, na warudie baada ya mapumziko. Saksofoni sukuma kipande cha kupulizia kiingie zaidi kwenye koki ya shingo, tarumbeta ingiza bomba la kutunia. Bado iko chini? Shusha tuni ya kinanda kutoka hezi 440 hadi 438 kwenye menyu, na besi ikifuate.

Dada_Vibali
Aprili ni katikati ya masika. Kama mnaitaka tarehe 30, usiku huo uwe hotelini au shuleni, bustani msahau. Wiki nzima ya nje inakaa vizuri Septemba au mwanzoni mwa Oktoba.

Vibali: BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na afisa utamaduni wa jiji, barua kwa serikali ya mtaa na polisi, na hakimiliki za nyimbo muulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Msanii wa kigeni ana kibali chake BASATA na kingine Uhamiaji, anzeni mapema. Majirani wa Sakina wataumizwa na besi kuliko tarumbeta, kwa kuwa besi inapita ukutani. Seti mbili za dakika 45, mapumziko 20: mkianza saa 1:30 mnamaliza 3:20.

Mratibu_Kijenge
Asanteni sana, nimeelewa. Swali la mwisho: mgeni wetu kutoka Marekani anataka kuleta amplifaya ya gitaa na ogani ya zamani ya Hammond. Transfoma ya kushusha 230 iwe 120 itatosha?

FundiSauti_Themi
Amplifaya sawa, nyingi hazina shida. Chukua transfoma ya wati mara mbili ya zilizoandikwa nyuma yake, na uangalie kama kibao cha maelezo nyuma yake kinaruhusu umeme wa hezi 50. Ogani hapana. Transfoma hubadilisha volti, haigusi hezi. Mota ya ogani hiyo, inayozungusha magurudumu yanayotoa noti, inafuata hezi 60 za umeme wa kwao. Hapa kwetu ni 50, kwa hiyo itazunguka pole na kila noti itashuka zaidi ya nusu-sauti tatu. Hakuna kutuni kunakookoa hapo. Mwambie aache ogani nyumbani, mtafutie kinanda chenye sauti za ogani na pedali ya volyumu.