Grupu la Ukoo wa Bi Mwanahawa: habari ya tango la achari

*Jumapili jioni*

Mama Farida: Kassim upo hewani?

Kassim: Shikamoo mama mdogo. Nipo.

Mama Farida: Marahaba. Sudi tangu jana anajiviringisha sakafuni anasema yeye ni tango. Namwita akaoge ananijibu matango hayaogi. Mlikuwa mnaangalia nini huko kwenu?

Baba Farida: Mimi kaniambia matango hayaendi madrasa.

Kassim: 😂😂😂 Alikuwa nyuma ya kochi, nikajua kalala!

Mama Farida: Sijauliza alikuwa wapi. Nimeuliza mlikuwa mnaangalia nini.

Kassim: Rick and Morty. Katuni ya Marekani, ilianza Desemba 2013. Babu mwanasayansi mlevi anayeishi kwa binti yake, anamchukua mjukuu wake wanazurura sayari na sayari. Ile ya juzi inaitwa Pickle Rick, ya tatu katika msimu wa tatu. Babu anajigeuza tango la achari.

Mama Farida: Katuni ina mlevi?

Kassim: Si ya watoto mama mdogo. Kule inarushwa na Adult Swim, wale wanaotumia chaneli ileile ya Cartoon Network. Mchana wanapewa watoto, usiku wakubwa.

Mama Farida: Na wewe ukaona mtoto wa miaka tisa ni mkubwa.

Baba Farida: Mke wangu ngoja kidogo. Kassim, mtu anajigeuza tango ili iweje?

Kassim: Asiende kwa mshauri! Shule imewaita. Mjukuu wa kiume, Morty, kajikojolea darasani. Dada yake Summer kakutwa ananusa ile rangi ya kung'arishia vyungu. Mama yao, Beth, ametoka kuachana na mume wake, nyumba nzima haiko sawa. Shule ikasema familia iende kwa mtaalamu wakazungumze. Siku ya kwenda wanamkuta babu gereji, tango limelala mezani, lina macho na mdomo. Anawaambia jamani mimi ndiyo hivyo tena, nendeni tu.

Baba Farida: 🤣🤣🤣 Huyu mzee ana akili.

Kassim: Subiri sasa. Juu yake kuna sindano inaning'inia kwa uzi, na mkasi umetegwa taima. Wakishaondoka tu uzi unakatwa, sindano inamdondokea, dawa inamrudisha mtu. Beth anaiona. Anamuuliza hii ndiyo dawa ya kukurudisha? Anakana. Basi Beth anaitia mkobani anaondoka nayo.

Mwanaidi: Hapo ndipo nilipompenda Beth, na ni hapo tu.

Kassim: Dada Mwanaidi kaamka!

Mwanaidi: Nimetoka zamu. Shikamooni wakubwa. Malizia, mimi nitakuwa na la kusema.

Kassim: Paka anaingia, analipiga tango hadi nje. Mvua inanyesha, linasombwa mpaka kwenye mfereji wa maji machafu. Hana mkono, hana mguu. Anakuja mende, anamng'ata kichwa, halafu kwa ulimi anabonyeza ubongo wake miguu inatembea. Kutoka mende anapanda kwenye panya. Anawatega mmoja mmoja, anawaunganisha viungo mpaka anapata mwili. Anatokea kwenye choo cha jengo moja lenye walinzi wenye bunduki kama jeshi, wanamwachilia mfungwa wao mmoja hatari aitwaye Jaguar aje kummaliza. Mwisho wanaungana wote wawili wanalilipua jengo. Sauti ya Jaguar ni Danny Trejo.

Baba Farida: Yule mwenye masharubu wa filamu za visu?

Kassim: Huyohuyo!

Mama Farida: Panya. Choo. Mende wa kung'atwa kichwa. Na Sudi kaona yote.

Kassim: Mama mdogo ilipata tuzo ya Emmy lakini, 2018, ya kipindi bora cha katuni 🙏

Mama Farida: Emmy itakuja kumwogesha?

Bi Mwanahawa: 🎤 *(sauti, sekunde 14)* Mimi nimesikiliza yote sijaelewa. Huyo mzee katiwa achari ya ndimu au ya embe? Na kwa nini hakuliwa?

Baba Farida: 🤣🤣🤣🤣 Mama utaniua.

*Jumatatu usiku*

Mama Farida: Nimeiangalia.

Kassim: 😳

Mama Farida: Kwa simu ya Baba Farida, Sudi amelala. Lazima nijue ninachopigana nacho. Kwanza huyo mzee mbona anapiga mbweu kila neno?

Kassim: Ndivyo alivyo toka mwanzo. Zamani sauti ya babu na ya mjukuu alikuwa akiingiza mtu mmoja, Justin Roiland, aliyeibuni katuni pamoja na Dan Harmon. Januari 2023 chaneli ikaachana naye, tangu msimu wa saba wameingia wawili wengine. Mbweu zimebaki.

Mama Farida: Za panya nimeruka, nilikuwa nakula. Lakini yule daktari mwanamke.

Mwanaidi: Dk. Wong! Nilikuwa nakusubiri wewe mama mdogo. Hawa vijana wote wakisimulia wanaishia kwenye panya.

Kassim: Panya ndiyo utamu wenyewe dada.

Mwanaidi: Panya ni wa kukupumbaza. Angalia kazi ilivyopangwa: huku damu, milipuko, kule chumba kimya, kochi, watu wanne. Na ni kwenye kochi ndiko mtu anakojificha zaidi. Wong hapazi sauti hata mara moja. Anamuuliza Beth, baba yako kwa nini hakusema tu kwamba hataki kuja? Beth anazunguka. Watoto wanataka kusema, mama anawakata. Mimi hiyo naiona kila wiki kazini, isipokuwa hakuna tango.

Baba Farida: Kule kazini kwenu wanakuja na nini?

Mwanaidi: Na simu. "Samahani naomba nipokee hii." Hiyo ndiyo achari yao.

Kassim: 😂😂

Mama Farida: Mimi Beth amenikera. Sindano anayo mkobani! Anajua baba kamdanganya, ushahidi kaukalia, halafu anamtetea mbele ya mtu baki. Watoto wake mwenyewe wanakojoa darasani yeye anasema baba yangu ana akili nyingi. Akili nyingi ndiyo nini.

Mwanaidi: Sawasawa, na ndilo Wong alilomwambia mzee alipofika hatimaye, kavaa panya, ananuka mfereji. Kwamba hakuna anayebisha akili zake, ila familia nzima wanaitumia akili kuupamba ugonjwa. Halafu sehemu ile ya mswaki.

Mama Farida: Ile nimeirudia mara mbili.

Baba Farida: Ipi hiyo? Mimi nilisinzia jengo lilipolipuka.

Mama Farida: Mzee anasema yeye mwanasayansi, ushauri ni mambo ya watu wanyonge. Daktari anamjibu kutengeneza, kutunza na kusafisha hakuna ushujaa ndani yake. Huwezi kukosea ukafa. Ni kazi tu, kama kupiga mswaki na kwenda haja ukajisafisha. Kuna watu wanaiweza kazi ya namna hiyo, na kuna watu bora wafe kuliko kuifanya. Kila mtu achague.

Kassim: Wanasema mwandishi wa sehemu hiyo ni mwanamke, Jessica Gao. Baadaye ndiye aliyeongoza waandishi wa kipindi cha She-Hulk. Na sauti ya Wong ni Susan Sarandon.

Mama Farida: Nimejua tu ni mwanamke. Mwanamume angemalizia na bomu.

Baba Farida: Haya tena.

Mama Farida: Na mwisho wake sasa. Wako ndani ya gari, watoto wanasema tumempenda yule daktari, tutarudi lini? Mama na babu wanajifanya hawasikii. Wanapanga kwenda kunywa. Watoto wanauliza tena, wapi! Nikazima simu nikakaa kitako.

Mwanaidi: Kipindi kingine kingewakumbatisha hapo.

Mama Farida: Nimemkumbuka mtu.

Baba Farida: Usimtaje.

Mama Farida: Simtaji. Nasema tu kuna mtu Bi Mkubwa alipoanza kliniki ya sukari tulikubaliana zamu. Mimi, Mama Kassim, na huyo mtu. Zamu yake ya kwanza pampu ya maji ya kwa mama ikaharibika, akaja kutengeneza pampu. Ya pili akafunga taa za ukumbini zinazowaka zenyewe mtu akipita. Ya tatu akaweka kengele kitandani ya kumwitia msichana. Kliniki nimekwenda mimi zote.

Kassim: Ila ile kengele mama mdogo ni kali, ina nyimbo nne 🔔

Mama Farida: Kassim.

Kassim: Nimenyamaza.

Mwanaidi: Mimi wala simlaumu. Kuna mtu kukaa benchi la kliniki saa tatu bila cha kufungua na cha kufunga, kwake ni adhabu. Ila aseme.

Bi Mwanahawa: 🎤 *(sauti, sekunde 9)* Taa zile zinawaka hata paka akipita. Usiku kucha wa-wa-wa.

Baba Farida: 🤣🤣 Kaka Hamisi kaisoma hii? Naona tiki za bluu.

Mama Farida: Anasoma kila kitu huyo. Hajibu.

*Jumanne asubuhi*

Mjomba Hamisi: Assalaam alaykum wote. Nimeitafuta hiyo katuni nikaitazama. Nina maoni matatu ya kiufundi.

Kassim: Wa alaykum salaam mjomba, shikamoo 😂😂😂

Mjomba Hamisi: Marahaba. Moja. Mambo ya mende si uongo mtupu. Galvani, Muitaliano wa Bologna, miaka ya 1780 huko, aligusisha umeme kwenye miguu ya chura aliyekufa ikarusha teke. Mshipa ukichokozwa msuli unaitika. Lakini panya aliyekufa baada ya saa chache anakakamaa, hapigani na mtu.

Mbili. Tango karibu lote ni maji. Amelala juani pale nje, alitakiwa awe ameshanyauka kabla mvua haijaja.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Fundi gani anategemea uzi mmoja, mkasi mmoja, sindano moja, bila mtambo wa akiba? Angeficha sindano ya pili chini ya meza. Binti angechukua ile ya juu, yeye angebaki salama. Uzembe.

Mwanaidi: Mjomba, na ile sehemu ya kochi uliionaje?

Mjomba Hamisi: Ile niliipeleka mbele.

Baba Farida: 🤣🤣🤣🤣🤣

Mama Farida: Mimi sisemi neno.

Kassim: Mjomba mimi nahisi sindano moja ilikuwa makusudi. Labda alitaka aonekane.

Mjomba Hamisi: Aonekane na nani?

Kassim: Na binti yake. Mtu mwenye akili zote zile anaitundika wazi juu ya meza?

Mjomba Hamisi: Hmm.

Mwanaidi: Kassim leo umenizidi.

Mjomba Hamisi: Bi Mkubwa, kuhusu taa, nitapunguza makali ya vihisio visishtuke na paka. Na pampu inaendeleaje? Nimtume kijana aje aiangalie kesho?

Bi Mwanahawa: 🎤 *(sauti, sekunde 11)* Pampu nzima. Taa ziache. Kesho Jumatano, kliniki. Nakuuliza wewe, sikuulizi kijana.

Kassim: Mjomba anaandika...

Kassim: Kaacha.

Kassim: Anaandika tena.

Mama Farida: Kassim mwache mtu apumue.

Mjomba Hamisi: Saa ngapi?

Bi Mwanahawa: 🎤 *(sauti, sekunde 17)* Saa kumi na mbili na nusu uwe mlangoni, foleni ile wanaanza kuandika mapema. Kadi iko kabatini, droo ya juu. Na Hamisi, bisibisi iache kwako.