Fataki zikipigwa mwili unarudi Gongo la Mboto 2011, ni mimi tu?

mama_tunu: Habari zenu wakuu. Ule usiku wa tarehe 16 Februari 2011 mabomu yalipolipuka kwenye kambi ya jeshi Gongo la Mboto, Dar es Salaam, nilikuwa darasa la tano, tulikimbia pekupeku, mama kambeba mdogo wangu mgongoni. Hakuumia mtu kwetu. Sasa hivi nina mume na mtoto na nimehamia mbali kabisa, ila mlango ukijibamiza kwa upepo au lori likipasua tairi, kabla sijajua ni nini nimeshachuchumaa, tumbo linakata, viganja vimelowa jasho, halafu jioni nzima namgombeza mtoto bure. Mwaka mpya fataki zilipoanza nikajikuta nje nimembeba mtoto sina viatu, sikumbuki nimetokaje. Mume anasema najiendekeza. Akili inajua ni fataki, mwili hautaki kuelewa.

kijana_wa_mbagala: Pole sana dada. Sisi wa Mbagala mabomu ya kambini yalitulipukia mchana, 29 Aprili 2009. Mimi kelele hazinisumbui, ni harufu. Ukuta ulituangukia, basi mpaka leo fundi akivunja ukuta nikisikia lile vumbi koo linabana, nilijua ni pumu nikapimwa hamna kitu, nimekuja kuunganisha juzi juzi tu.

nesi_mstaafu: Mwanangu hujiendekezi. Kwenye ubongo kuna kisehemu kinaitwa amigdala, kinapiga kengele ya hatari kabla sehemu ya kufikiri haijapata habari, ndo maana unachuchumaa kwanza unaelewa baadae. Adrenalini inamwagika, damu inakimbilia kwenye misuli, tumbo linaachwa, ndo hilo linalokukata. Na hasira za jioni ni mwili bado uko macho, haujaambiwa kwamba yameisha. Ikikushika kaa chini, kandamiza nyayo sakafuni, vuta pumzi ukihesabu mpaka 4 uitoe taratibu mpaka 7, taja kwa sauti vitu unavyoviona hapo. Inashusha mapigo. Ila kwa miaka yote hiyo muone mwanasaikolojia, Muhimbili wana idara ya afya ya akili, tiba ya mazungumzo inasaidia sana, na huyo mume nenda nae.

mama_tunu: Asanteni jamani, nimelia. Nimemsomea mume yote kwa sauti. Kakaa kimya weee, halafu akaniuliza "kwani usiku ule mlikimbia mpaka wapi?" Miaka minne ya ndoa hajawahi kuniuliza.