Shingo ya dinosaria wa Tendaguru inajisokota ikisimama wima, nisaidieni

BintiMwera
Habari zenu wakuu. Nipo Lindi mjini, naandaa animesheni ya yule dinosaria wetu wa Tendaguru, yule Wajerumani walimchimba 1909 mpaka 1913 na wazee wetu wakabeba mifupa kichwani porini huko mpaka bandarini hapa, leo kasimama Berlin na urefu wake wa mita 13.27. Nataka watoto wa huku wamuone anatembea na anakula maana hiyo safari ya Berlin nani atawalipia.

Natumia Blender, programu ya kutengeneza animesheni. Shingo ina pingili 13 kama yeye mwenyewe alivyokuwa nazo, zote zinafuata kidhibiti kimoja. Mwili unaangalia mhimili wa X, kwahiyo Y inainua shingo, Z inaigeuza kulia kushoto, X inaisokota kama unakamua nguo. Fremu ya 1 shingo imelala, fremu ya 60 imesimama wima kabisa (Y ni -90), fremu ya 90 kichwa kinapita wima kinaenda nyuma kidogo. Hapo kati ya 60 na 90 shingo inajizungusha kama parafujo afu inatulia! Nikiangalia namba X ilikuwa 3 ikaruka mpaka 180 na kitu, na Z nayo ikaruka vilevile, na mimi sijazigusa. Siku ya tatu hii nahangaika nayo.

Mwl_Shangani
Hongera sana mwanangu kwa kazi hiyo, nimefurahi. Hujakosea kitu, hiyo ni tabia ya pembe za Euler zenyewe, yaani hizo namba zako tatu za kuzungusha X, Y na Z, wanaiita gimbali loki.

Fanya hivi sasa hivi. Kidhibiti kikiwa Y -90, weka X 50 na Z 20, angalia kichwa kinaangalia wapi. Afu weka X 0 na Z 70. Utaona ni palepale! Kwasababu shingo ikishasimama wima, kuisokota na kuigeuza kulia kushoto ni jambo moja, mihimili miwili imelala kwenye mstari mmoja, kinachobaki ni jumla ya X na Z tu. Una namba tatu mkononi lakini njia za kuzunguka zimebaki mbili. Sasa kichwa kikivuka wima kwenda nyuma, programu inauandika mkao huo kwa Y isiyozidi 90, na ili iweze lazima iongeze 180 kwenye X na 180 kwenye Z. Mkao ni sahihi kabisa, ila njia ya kutoka namba za zamani kwenda namba mpya ndo hiyo parafujo unayoiona.

Na kumbuka mpangilio una maana. Msimu huu mabibo yapo tele, chukua moja, shika korosho yake ikiangalia juu. Lilaze mbele digrii 90, korosho inaangalia mbele, afu zungusha kulia kama unafunga mfuniko, korosho inaishia kulia. Rudia kwa kuanza na kuzungusha kulia ndo ulilaze mbele: korosho inaishia mbele. Mizunguko ileile miwili, majibu tofauti. Kwenye kujumlisha namba za kawaida hilo halipo, ndo maana wanafunzi wangu hapa hukwama.

Mikindani_Gemu
Mwalimu kamaliza, mi naongezea dawa. Dada badilisha aina ya mzunguko wa hicho kidhibiti iwe kwatenioni. Usiogope jina, ni namba nne tu: chagua mhimili mmoja, sema unazunguka kiasi gani kuuzunguka, basi. Euler mwenyewe, mwanahisabati mwenye jina la zile pembe, alishathibitisha karne ya 18 kwamba mkao wowote unaufikia kwa mzunguko mmoja kwenye mhimili mmoja. Ya kwanza w ni kosaini (cosine) ya nusu ya pembe, zile tatu ni mhimili wako mara saini (sine) ya nusu ya pembe. Shingo yako wima inakuwa w 0.7071, x 0, y -0.7071, z 0. Hakuna mhimili unaomlalia mwenzake kwahiyo hakuna pa kujifunga.

Kwanini nusu? Hapa ndo nilipopapenda mimi. Ukitaka kuzungusha nukta unaizidisha kwa kwatenioni kushoto na kinyume chake kulia, kila upande unaleta nusu ya mzunguko. Hamilton, mwanahisabati aliyezigundua kwatenioni, alihangaika miaka na namba tatutatu zikagoma, mpaka tarehe 16 Oktoba 1843 anatembea na mkewe kando ya mfereji kule Dublin ndo akaona zinatakiwa nne, akachonga i² = j² = k² = ijk = -1 kwenye jiwe la daraja la Broom. Hiyo hesabu leo ndo inashika shingo ya mnyama wa Lindi, kwakweli inanigusa.

Mwl_Shangani
Nakubali ila Euler asitupwe jumla. Kama unataka kubaki na digrii unazoweza kuzisoma, badilisha mpangilio wa mihimili tu, upi unatangulia kuzungushwa, toa XYZ weka YXZ. Kinachojifunga ni mhimili wa katikati ukifika 90, na kwa shingo yako X ikikaa katikati inakuwa ni kuinama ubavuni, hiyo haitafika 90 hata siku moja.

Na matriksi ipo chini ya vyote hivyo. Namba tisa, kila safu wima inakwambia mhimili mmoja umeenda kuangalia wapi, na kompyuta mwisho wa siku inaitumia hiyo kuchora. Ila kuunganisha mizunguko miwili kwa matriksi ni kuzidisha mara 27, kwatenioni mara 16, na ukirudia mara elfu makosa madogo yanajilimbikiza, matriksi inaanza kuvuta umbo zima linapinda, wakati kwatenioni unaigawa kwa urefu wake tu inarudi sawa.

BintiMwera
Shikamoo mwalimu, asante, asante na kaka wa Mikindani. Ile ya X 50 Z 20 nimejaribu nimekaa kimya dakika nzima, kichwa hakijasogea hata kidogo! Nimeweka kwatenioni, 60 mpaka 90 imelainika kabisa. Ila fremu ya 120 akirudi kuangalia mbele anazunguka njia ndefu, anapita kwa nyuma.

Mikindani_Gemu
Angalia w ya fremu 90 na ya 120. Moja ni chanya nyingine hasi?

BintiMwera
Ndio, 120 ni hasi.

Mikindani_Gemu
Badilisha alama za zote nne hapo 120, hasi iwe chanya na chanya iwe hasi. Kwatenioni na hasi yake ni mkao uleule mmoja, ila programu inapita kati ya namba na sio kati ya mikao, kwahiyo mkao wa jirani ukiandikwa kwa alama za kinyume inazunguka mbali.

BintiMwera
Imekaa. Amegeuka taratibu, akashusha kichwa mpaka chini, shingo nzima pingili 13 zimefuata.