Ushauri: zabuni ya injini ya boti iko NeST (mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma Tanzania), inafungwa Jumatano

Kirumba_22: Wakuu, shikamooni. Zabuni yetu ya injini ya boti ya doria, nguvu farasi 40, inafungwa Jumatano saa 4 asubuhi. Leo nimeona vipimo havikutaja urefu wa shafti. Narekebishaje? Sijalala.

Igombe_Fundi: Shafti fupi ni inchi 15, ndefu 20. Pima ubao wa nyuma, kuanzia ukingo wa juu hadi chini. Ukifunga fupi kwenye ubao wa inchi 20, propela inakaa juu na kuvuta hewa; injini inanguruma, boti haiendi. Na pampu ya kupooza inaweza kukosa maji, injini ikaungua. Mwulizeni pia muuzaji kama propela ya akiba imo.

Nyegezi_PMU: Swali ni la mfumo, mkuu. Kabla ya muda wa zabuni kufungwa, unatoa marekebisho ya nyaraka humohumo NeST na kusogeza tarehe, ili wazabuni wapate muda wa kubadili bei. Zikishafunguliwa, kipimo hakiguswi. Usiandike chapa, andika inchi. Nani aliidhinisha tangazo?

Kirumba_22: Afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi.

Nyegezi_PMU: Yeye mwenyewe, kwa akaunti yake?

Kirumba_22: Alikuwa Dodoma. Alinipa nywila, nikabofya mimi. Lakini kwa simu aliridhia! Kesho nasogeza tarehe kwa njia hiyohiyo, muda hautoshi.

Mama_Sengerema: Mwanangu, nywila ya mtu ni saini yake. Acha.

Ilemela_Mkaguzi: Mimi nina shaka. Afisa ununuzi gani hajui marekebisho ya nyaraka? Huyu ni mzabuni anatafuta upenyo.

Kirumba_22: Mimi ni afisa ugavi, miezi minne kazini. Marekebisho nayajua, nilichoogopa ni kuingia tena kwa jina lake.

Nyegezi_PMU: Basi hofu yako ni ya kweli. Mfumo unatunza akaunti na saa ya kila idhini, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inatenganisha majukumu yenu. Afisa masuuli abadili nywila leo. Akaimishe kwa barua. Kaimu apewe jukumu kwenye akaunti yake mwenyewe, ndiye aidhinishe marekebisho. Ile idhini ya kwanza, mweleze kwa maandishi sasa, kabla ya wakaguzi.

Kirumba_22: Nimepima, ubao ni inchi 20. Barua ya kukaimu iandikwe tarehe aliyoondoka?

Nyegezi_PMU: Hapana. Ya leo.